Njia ya Anga ya Kwenda kwa Mama

Juzi nilipanda ndege Mbeya, nikapata kiti cha dirishani. Tulipokwisha kupaa, abiria wa pembeni aliniuliza mbona nimebandika uso kwenye kioo kama mtoto. Sikumjibu sawasawa. Nilikuwa naitafuta Iringa, na mawingu yalikuwa yameifunika yote. Wewe msomaji wangu nitakueleza.

Nililelewa Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, na bibi, mzaa mama. Mama alikuwa amekwenda Tosamaganga, kule Iringa, kusomea uuguzi, na kwa mtoto wa darasa la pili Tosamaganga ilikuwa mbali kama Ulaya. Nilitaka kufika kwake, basi, sikutaka kingine.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuwa na kompyuta iliyounguruma kama mashine ya kusaga, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege. Kila Jumamosi, nikishamenya viazi, nilikimbilia kwake. Bibi alinifuata na ungo wake wa maharage, maana hakuniamini peke yangu mbele ya lile dude. Mvua ikipiga bati, chai ya tangawizi ikinukia, mwalimu alitufundisha. "Ndege haiendi tu," alisema. "Kwanza unachora njia." Kumbe angani kuna barabara! Zimepewa herufi na namba, na kila moja ina kimo ambacho hushuki chini yake, usije ukauvaa mlima. Zinapita kwenye vituo visivyo na duka wala mti, majina matupu juu ya ramani.

Mimi nilichora nilivyojua: niliifuata lami. Igurusi kwa shangazi, Makambako kwa mjomba, Mafinga kwa dada yake bibi. Kwetu hupiti kwa ndugu kimya kimya, na bibi alilisimamia hilo. Tukifika juu ya nyumba ya ndugu nilizungusha ndege, bibi akasalimia kwa sauti na kuulizia mahindi. Lakini mwalimu alikuwa ametia mafuta ya mstari uliochorwa, si ya salamu, na kuongeza hakukubali. Kila mara tuliishiwa kabla ya Iringa, nikatua kwenye shamba la mtu huku nalia.

"Chagua, mama," mwalimu aliniambia siku moja. "Kusalimia au kufika."

Nikachora upya, nikashika njia ya anga inayokata moja kwa moja juu ya bonde la Usangu, kwenye ng'ombe na mpunga wa watu tusiowajua. Bibi alinuna, akapepeta maharage kwa nguvu. "Haya, pita. Tukikutana na ndugu zako msibani utawaambia nini?"

Nikafika. Nikashusha ndege juu ya Tosamaganga, na hapakuwa na kanisa, hospitali wala bweni. Mchezo ulikuwa umepaka majani tu. Nilimgeukia mwalimu, naye akawa anafuta miwani. Bibi ndiye aliyeweka ungo chini.

"Yupo," alisema. "Aliyetengeneza hii mashine hajafika kule, ndo maana hajamchora. We mwite."

Nikaita "Mama!" kwa sauti yangu yote. Tangu hapo kila Jumamosi nilikwenda, nikazunguka pale juu nikimsimulia ya shuleni, na nani kanipiga, na jino lililong'oka, mpaka mafuta yakaribie kwisha.

Alipohitimu, mama alirudi kwa basi. Alishuka mwanamke mwenye sauti nisiyoitambua, akaninyooshea mikono. Nilimwamkia shikamoo, nikajificha nyuma ya bibi.

Bibi hayupo sasa, mwalimu hayupo, na ile kompyuta sijui iliishia wapi. Mama yupo, namshukuru Mungu. Tunakaa mtaa mmoja, tunapendana kwa adabu. Lakini yule niliyekuwa nikimwambia kila kitu alibaki kule kwenye majani, na sijapata ujasiri wa kumwambia mama kwamba nikisema nimemkumbuka mama, si yeye ninayemsema.