Gari la Baba Huko Tshopo

Niliondoka Kindu kwa sababu paa la nyumba ya mama lilikuwa limeoza, na kitu pekee cha thamani alichotuachia baba kilikuwa Kisangani: gari la kizamani, Peugeot 404 ndefu ya familia. Wakati wa vita baba alikimbia, akaliacha kwa rafiki yake Gaspard, tuliyemwita tonton, yaani ami. Wote wawili ni marehemu. Nilichukua karte roze, hati ya umiliki wa gari, yenye jina la baba, maana niliambiwa mjini kule wapo wanaolipia vizuri magari ya aina hiyo.

Hadi Ubundu nilikwenda kwa mashua, nimebanwa kati ya magunia ya mchele na mbuzi asiye na adabu. Treni haikuwapo, wala hakuna aliyejua itakuja lini, nikapanda pikipiki. Njia ile ni matope na madaraja ya kubahatisha. Nilifika Kisangani mgongo umekufa ganzi, nikavuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa huko.

Mtaa wa Tshopo, asubuhi. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba ya tonton Gaspard, limeegemezwa juu ya matofali, magurudumu hayapo. Ndani mlikuwa na godoro, sufuria na mwanamke mzee. Alikuwa mama Beatrice, mjane wa tonton.

“Ndugu za bwana yangu walibeba vyote,” aliniambia. “Nyumba, vitanda, mpaka masahani. Motokari tu waliogopa, sababu iko na jina ya papa yako. Donc nalala humu.”

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja kumtoa mwenyeji kwenye godoro lake. Niliona aibu sana.

“Bon, mama, kamata tu motokari. Nakupatia.”

Alinishika mkono kwa hofu.

“Hapana, mutoto yangu. Ukinipatia, watasema ni kitu ya ndugu yao, kesho watanifukuza. Iache ikuwe ya kwako. Kama unanihurumia, unikaripie. Sauti kubwa, wasikie kule mbele.”

Basi nilisimama uani nikamfokea mwanamke wa umri wa mama yangu. Nikasema gari ni langu, kioo kikivunjika atanijibu yeye, na siku yoyote nitarudi kulichukua. Shemeji zake walitoka nyumbani kutazama.

“Ndiyo, patron,” alijibu, kichwa chini.

Walicheka. Sijawahi kujichukia namna ile. Nikaondoka bila kumuaga, maana walikuwa bado wanatutazama.

Kindu nilirudi mikono mitupu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama vioo vya gari bado vinafunga. Nikamwambia kimoja hakifungi. Akaenda jikoni.

Nilichojifunza ni kwamba kuna watu ambao zawadi ndiyo itakayowamaliza. Siku hizi nikisikia jirani anakwenda Kisangani, namwomba apite Tshopo, akamkaripie mama Beatrice kwa jina langu.