Mpiga Inanga Anayeogopa Kutaja Jina

Kwangu, kwangu. Ni Bonifasia, anakwangua ukoko wa ugali ili mumewe apate cha kutafuna njiani. Bado ni giza hapa Keza, wilayani Ngara. Gaspari Ntakirutimana anakaza nyuzi za inanga, ubao wa muziki anaozunguka nao kijiji hadi kijiji.

"Acha kwenda," mkewe anamwambia. "Yule mama wa Kibimba nusura umuue."

"Ndiyo maana naenda."

Gaspari ameishi kwa safari tangu ujana. "Wimbo naupata njiani," anasema. "Mlima ukiwa mkali, maneno yanatoka mafupi kama pumzi. Bondeni yanarefuka." Zamani kila kilima kilikuwa na watu wake na wimbo wake. Sasa watu wamehamia vijiji vya ujamaa, nyumba kwa mistari, naye huviimbia peke yake vilima visivyo na moshi.

Mwezi uliopita, Februari 1979, alikuwa Lusahunga lori la askari wa vita vya Uganda liliposimama kidogo. Audax, kijana wa Kibimba, alimpungia mkono kutoka humo. "Mzee, nisalimie mama!"

Kwa desturi, mpiga inanga hatoi salamu akifika tu. Hula kwanza, kisha huimba mashujaa, na salamu huja mwishoni mwa wimbo. Lakini mashujaa hao wote ni marehemu. Kule Kibimba, Clotilda, mama yake Audax, aliposikia jina la kitinda mimba wake likifuata majina yao, hakungoja salamu. Alianguka. Ukweli ulipojulikana, kwamba kijana yu hai, kilio kilikuwa kimeshafika nyumba ya mwisho ya mstari.

"Sasa nikitokea tu, akina mama wanaacha majembe," anasema Gaspari. "Naogopa hata kubisha hodi."

Njiani mgambo wanamsimamisha. Siku hizi za vita mgeni mwenye mzigo hushukiwa. Mmoja anafungua mzigo, anagusa uzi, kisha anaufunga mzigo tena vizuri kuliko ulivyokuwa. "Pita, mzee. Baba yangu alikuwa nayo."

Kibimba, Clotilda amesimama mlangoni. Hasogei.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usikae. Sema kwanza."

"Sina habari, mama. Sina hata moja."

Clotilda anashusha pumzi. Anampa kigoda na uji, kikombe amekipangusa kwa kanga yake mwenyewe. Gaspari anapiga kwa sauti ya chini. Anaimba vilima tu.

"Mbona humtaji mwanangu?"

"Naogopa."

"Na mimi naogopa. Mtaje. Ila usimweke na wale wazee wako wa mikuki. Mweke na sisi tunaokula."

Basi anamwimba Clotilda, anamwimba mbuzi wake mkorofi, anamwimba Audax. Mama anacheka kidogo, macho yakiwa barabarani.

Wiki ijayo Gaspari anakusudia kurudi Lusahunga kuwauliza madereva wa malori habari za Audax. Anapoiweka inanga mgongoni, Clotilda anamshika mkono.

"Pita tena, Gaspari. Hata kama huna neno, pita. Usipopita, nitajua unalo."