Kona ya Mparachichi

Landrova ya mzee Wenseslaus ilitambulika Kibosho nzima kwa namna alivyoiendesha. Hata barabara ikinyooka kabisa, yeye alikuwa akizungusha usukani kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayepepeta mahindi. Wanakwaya aliowabeba kwenda kuimba parokia za jirani walimtania, "Baba Victoria, hilo ni gari au kinanda?"

Shafti ya usukani, kile chuma kinachoteremka kutoka mikononi mwa dereva kuelekea magurudumu, ilikuwa imelika meno. Usukani ulizunguka karibu robo nzima bure, ndipo gari lisikie. Wenseslaus alishazoea. Kila kona aliianza mapema. Kwenye ile mbaya iliyo juu ya mfereji, alama yake ilikuwa mparachichi wa jirani yake Elisifa, uliotanda matawi hadi kabla ya kona, upande wa kupanda na wa kushuka: ukifika usawa wa matawi, kata. Ukingoja kona yenyewe, umechelewa.

Angeendelea hivyo hivyo kama si kifua cha mkewe. Mektrida alikuwa na pumu, na tangu masika yaanze ile dawa ya kuvuta ilikuwa haimtoshi kila mara. Akibanwa, hapakuwa na gari jingine la karibu la kumteremsha hospitali Moshi mjini. Mara ya mwisho waliteleza kwenye tope, usukani ukachelewa kuitika, wakasimama ukingoni kabisa.

"Acha nife kwa kifua," Mektrida alisema alipopata nafuu, "lakini siyo kwa kutumbukizwa mferejini. Peleka hicho chombo kwa fundi."

Godlove, fundi wa mtaa wa Pasua mjini, aliitoa ile shafti akailaza juu ya gunia kando ya mpya. Meno ya ile ya zamani yalikuwa yamebaki vishina tu, kama ya ajuza. Akanyoosha magurudumu ya mbele, akaufunga usukani kwa kamba usihame, ndipo akachomeka mpya na kukaza nati. Aliporudisha ufunguo alicheka.

"Mzee, kuanzia leo uendeshe kama watu."

"Nimeanza kuendesha hujazaliwa."

"Ndicho ninachoogopa, mzee wangu."

Mektrida, aliyekuwa ametoka sokoni, alipanda na kapu lake la dagaa. Lami ya mjini iliwapokea vizuri. Usukani ulikuwa mzito kidogo, mtiifu, na Wenseslaus alijisikia kijana. Walipoanza kupanda kwenye barabara ya vumbi na mawe alikuwa akipiga mluzi. Wakafika usawa wa mparachichi. Mikono ikakata.

Safari hii gari lilisikia palepale. Likaacha barabara, likavunja mibuni miwili ya Elisifa, likasimama gurudumu moja likiwa hewani juu ya maji. Dagaa wakamwagika hadi miguuni.

Mektrida alishika kifua. Kisha akauliza, "Baba Victoria, kona imehama?"

Wenseslaus hakucheka. Siku zilizofuata alikuwa akishuka peke yake na kupanda tena, akijiambia kwa sauti, "Ngoja. Ngoja." Mara nyingine mikono ilingoja. Mara nyingine, wakati yeye anafikiria kungoja, ilikuwa imeshakata, na ilibidi akanyage breki kwa nguvu zote. Hakumwambia mtu. Mektrida alikuwa akiona tope jipya kwenye bampa, anageuka kumenya ndizi zake.

Jumapili moja baada ya misa, mvua ikinyesha, kifua kikabana. Mektrida alivuta dawa, akavuta tena, midomo ikabadilika rangi. Wenseslaus alikimbilia ufunguo. Akauona mparachichi mbele yake, waziwazi, na maji ya mfereji yaliyojaa mvua.

Kwenye kihamba cha pili, shamba la ukoo lililopakana na lao, aliishi Denis, mtoto wa marehemu mdogo wake, dereva wa watalii ambaye gari la kampuni huliacha mjini. Wenseslaus alikuwa akimsema kila siku: hao wanaendesha kwa vidole viwili na miwani ya jua. Sasa alisimama mlangoni kwake, ameloa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Mama yako mkubwa amebanwa na kifua. Uendeshe wewe."

Denis aliutazama ule ufunguo. Hakuna aliyewahi kukabidhiwa. "Mimi? Ile Landrova?"

"Wewe hujaizoea ilivyokuwa. Twende."

Wakampakia Mektrida nyuma, Wenseslaus akamshika mabega akae wima, maana akilala hewa ilikuwa haipiti. Mvua iliwafunika. Denis aliendesha taratibu, mikono imetulia, na utulivu ule ulimtia Wenseslaus hofu. Mti ukaja. Denis hakufanya kitu.

"Kata!" Wenseslaus alipiga kelele, na mikono yake ikavuta kwa nguvu.

Gari lilienda mbele kidogo, likafika kona, likapinda polepole, likapita. Ni Mektrida aliyekuwa amepindishwa, kichwa kimegonga dirisha.

"Niache," alisema, akitafuta pumzi kati ya neno na neno. "Mimi… siyo… usukani."

Denis alicheka peke yake. Wenseslaus alimrudisha mkewe wima, akampa bega lake aegemee. Mikono yake mwenyewe akaikalia, yote miwili, na hakuitoa hadi lami ilipoanza. Pumzi ya Mektrida ilikuwa bado inapiga filimbi sikioni mwake, fupi, fupi zaidi, na mji ulikuwa bado uko chini.

"Kanyaga, mwanangu," alisema.