Miwani ya shemeji ilivyonikutanisha na mama mkwe macho kwa macho

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea nyumbani kwangu hapa Dodoma, na mke wangu ameyasoma kabla yenu. Atakayesema ni chai, aje na vitafunwa.

Mimi nauza simu used na spea zake. Kubishana bei ndiyo kazi yangu, na chenji nahesabu mara mbili, hata ya kanisani.

Mama mkwe wangu ni Mgogo wa Mpwapwa. Alianza kusahau taratibu. Kwanza chumvi kwenye mboga, halafu njia ya kisimani, mwisho watoto wake. Hospitali wakasema ni dementia. Tukamleta kwetu, tukampa chumba cha uani.

Tatizo likawa mimi.

Kila nikitoka dukani ananiona mgeni. "We baba, unatafuta nini kwa watu? Toka!" Na fimbo anayo.

Nimefukuzwa kwenye nyumba niliyojenga mwenyewe, wakuu, na majirani wakaleta viti.

Mjomba, kaka yake Mama, akapiga simu: "Nakuja kumchukua mwisho wa mwezi. Huku nitamfungia ndani, hatasumbua mtu."

Hilo neno "nitamfungia" lilimkosesha mke wangu usingizi.

Sasa, mdogo wake mke wangu, Neema, yuko final year chuo. Project yake ni miwani yenye kamera. Mgonjwa akimtazama mtu, maandishi yanatokea kwenye kioo na sauti inamnong'oneza ni nani. Inaenda na saa ya mkononi, ambayo inampigia mke wangu simu Mama akivuka geti.

Spea nilitafuta mimi. Muuzaji akataja bei, nikacheka, akashusha. Nikaaga, akashusha tena.

Chuo kilitoa kibali, na Mama mwenyewe, siku akili imetulia, alikubali. "Kama inasaidia, nipe."

Siku ya majaribio akaivaa, akamtazama mke wangu. Miwani ikanong'ona. "Kumbe ni wewe, mwanangu!" Mke wangu akageukia ukutani.

Nikaingia mimi, nimechomekea.

Miwani ikamwambia: "Huyu ni Elia, mkwe wako."

Mama akaguta, akavuta kanga usoni, akaivua miwani na kuirusha. Ikatua kwenye bakuli la mlenda.

Tangu hapo akiiona tu anageuza uso. Neema akaishiwa nguvu. "Shem, kifaa kimekataliwa. Naandika hivyo kwenye ripoti."

Nikamwambia asubiri. Mteja akinuna, kwanza najiuliza anakataa mzigo au anakataa bei.

"Shem, umemtazamisha Mama na mkwe wake usoni, halafu umemtajia na jina langu. Tangu nioe umewahi kumsikia akilitaja?"

Akashika kichwa. "Jamani! Na mimi nimekulia mila hiyo hiyo, mkwe hatazamwi usoni wala hatajwi jina."

"Hata mimi. Ile picha ya uso wangu si nilipozi mwenyewe, tena natabasamu?"

Tukaanza upya, na siku zimebaki chache. Supervisor akamwambia apunguze kazi, awasilishe alichonacho. Neema akajibu, "Namaliza hii." Akahamia kwenye kochi letu, mkono mmoja ugali, mwingine keyboard.

Majina yakafutwa. Mke wangu akarekodi sauti kwa Kigogo, kila mtu aitwe vile Mama alivyozoea kumwita. Kwangu mimi, miwani haionyeshi chochote. Nikifika getini na simu yangu mfukoni, saa inatetema mkononi mwa Mama na sauti inamwambia mkwe anaingia. Basi, ajiandae mwenyewe.

Kumshawishi aivae tena lilikuwa pambano la mke wangu. Kila asubuhi alimbembeleza, akikataliwa anarudi kesho yake. Mwisho Mama akaipokea.

Mjomba akafika. Akakaa uani, begi la Mama limeshafungwa.

Mimi niko nje ya geti, jasho linanitoka kama nauza simu ya wizi. Nikaingia.

Mama akautazama mkono wake. Akavuta kanga. Akageuza kigoda, akanipa mgongo.

Halafu akanisalimia Kigogo kwa sauti ya upole, akiuangalia ukuta: "Mbukwa, mkwe. Kazini mmeshindaje?"

"Salama, mama. Mbukwa."

Mjomba akamgeukia mke wangu. "Huyu ndiye dada yangu," akasema. Akainuka, akalibeba begi, akalirudisha chumbani mwenyewe.

Wakuu, kwenye biashara nimepewa migongo mingi. Huo mmoja siuuzi kwa bei yoyote.

Mama hajapona. Zipo siku saa inatetema na bado natimuliwa. Natoka, nazunguka nyumba, naingia tena.

Nilichojifunza: kabla hujamkumbusha mgonjwa wewe ni nani, uliza kwanza alikuwa anaishi na wewe vipi.

Wenye wazazi wa hali hii, kwenu mkwe anaingiaje ndani? Warangi wa Kondoa, Wanyaturu, wote mwageni hapo chini, Neema anaendelea kuirekebisha.

Comments zote nasoma. Mara mbili.