Betri Mahali pa Disketi

Jumanne, tarehe 8 Julai 2003. Kiangazi. Jua lilifunikwa na vumbi, milima ya Kongo haikuonekana ng'ambo ya ziwa, na upepo haukuwepo.

Ilias Shaabani, fundi wa Buyenzi mwenye miaka arobaini na saba, alifika mtaa wa Kinanira saa tatu kasoro robo asubuhi. Jana yake risasi zilisikika upande wa juu wa mji, lakini sasa kulikuwa kimya, na alikuwa ameahidi. Ufundi aliuanza na redio, na kwa miaka minne sasa alikuwa akitengeneza zile kompyuta nyeusi za kupakata za maofisini ambazo zinafika Bujumbura zikiwa zimeshachoka kwa wenyewe wa kwanza. Alizipenda kwa sababu zimeundwa ili zifunguliwe. Diski kuu inatoka ubavuni kwa skrubu moja. Kisoma disketi kinachomolewa kwa mkono, na mahali pake unaweza kuingiza betri ya pili.

Kompyuta ya siku hiyo ilikuwa nyumbani kwa Adélaïde, ambaye wengi walimwita Mama Kelly, katibu wa chama kidogo kilichotafuta wazazi wa watoto waliopotezana nao vitani. Ofisi ya chama ilikuwa imechomwa wiki mbili nyuma pamoja na makaratasi yote. Orodha ya watoto tisini na wawili ilibaki ndani ya mashine hii tu, na diski yake ilikuwa inakufa. Iligongagonga, ikawaka mara moja kati ya kumi.

Ilias alikuwa na desturi yake: betri kwanza, kazi baadaye. Betri kuu ilikuwa imeharibika zamani, kwa hiyo alichomoa kisoma disketi, akaingiza betri ya pili, ndipo akachomeka waya ukutani.

"Sasa disketi utatia wapi?" aliuliza Adélaïde.

"Ikisha kuwaka nailaza bila kuizima, natoa betri, narudisha disketi, tunanakili. Courant ya huku inakatika bila adabu, Mama Kelly. Mi siiamini."

Mashine iliwaka katika jaribio la saba. Orodha ilifunguka. Ilias alikuwa ananyoosha mkono kuilaza ili atoe betri wakati bomu la kwanza lilipoanguka mtaa wa juu. Vioo vililia. Umeme ukakatika.

Walitambaa hadi ujiani katikati ya nyumba, mahali pasipo na dirisha, wakafunga milango yote. Jirani wa Adélaïde, Anselme, mwalimu mstaafu, alikuwa ameingia kwa mlango wa jikoni akiwa na kiatu kimoja. Ilias alikuja na kompyuta kifuani, bado inawaka. Aliiweka sakafuni akaitazama. Betri ina dakika arobaini na sita, ilisema.

Alieleza kwa sauti ya chini. Akitoa betri, mashine inazimika, na diski ile pengine haitawaka tena. Asipoitoa, hakuna nafasi ya disketi. Orodha inaonekana, lakini haitoki.

"Kama sisi," alisema Anselme.

"Kalamu iko wapi?" aliuliza Adélaïde.

Walilala kifudifudi. Ilias alipunguza mwanga wa kioo hadi mwisho, akawasha taa ndogo iliyo kwenye ukingo wa kifuniko, ile ya kumulika vitufe, akasogeza daftari chini yake. Adélaïde alisoma huku akishusha orodha kwa kidole kwenye kile kinundu chekundu katikati ya vitufe. Ilias aliandika.

Kwenye jina la kumi na tisa, Adélaïde aligeuza macho kwenye daftari.

"Fundi, baba zao wako wapi?"

"Si wako ndani ya majina?"

"Ndani ya majina gani?"

Ilias aliona kosa lake. Binti yake ni Houda Ilias, yeye ni Ilias Shaabani. Kwao jina la pili ndilo baba. Kila Adélaïde alipotaja baba, mkono wake ulimruka ili kuokoa muda, kana kwamba ameshaandikwa.

"Hiyo ni kwenu Buyenzi," alisema Adélaïde. "Kwetu mutoto ana jina lake mwenyewe. Callixte bila baba, nitamutafutia nani?"

"Mi najua wakina Callixte wane," alisema Anselme, "na mumoja ni mbuzi."

Hakuna aliyecheka sana. Walirudi mwanzo na kujaza baba kumi na tisa. Zilipita dakika nane. Bomu jingine lilitikisa plasta ikawamwagikia mgongoni. Ilias aliipuliza kutoka kwenye ukurasa akaendelea.

"Soma, Mama Kelly. Usingojee."

Orodha ilipangwa kwa mitaa walikokaa watoto. Walimaliza Buyenzi, wakamaliza Gasenyi. Mara tu baada ya jina la sabini na nne taa ndogo ilizimika, kioo kikafuata, na diski ikagonga mara mbili ikanyamaza.

"Imebaki mitaa gani?" aliuliza Ilias.

"Mutakura peke yake. Kumi na nane." Adélaïde alifunika uso kwa kitambaa chake. "Simukumbuki hata mumoja vizuri. Namujua Honoré tu. Ndiye aliyewatafutia watoto nyumba za kukaa kule."

Walikaa ujiani siku hiyo nzima na usiku wake. Maji yalikuwa ndoo moja. Ilias alitawadha kwa kikombe, akasali kwa kuketi. Anselme alimwomba amwulize Mungu kama ana betri ya tatu. Mlango wa kutokea ulikuwa hatua nne kutoka walipolala, na hakuna aliyeugusa.

Kesho yake asubuhi risasi zilipungua, na watu wa mtaa walianza kushuka kwa miguu. Daftari la majina Ilias alimwachia Adélaïde. Alichukua daftari tupu na kalamu. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alilipekua lote, kurasa nyeupe, akamrudishia. Alipofika Buyenzi alisimama mlangoni kwake, akamwonyesha mkewe Mwanne kwamba ni mzima, akanywa chai akiwa amesimama. Kisha alitembea hadi Mutakura, akamtafuta Honoré, na saa nne alikuwa kwenye nyumba ya kwanza, amechuchumaa mbele ya msichana wa miaka sita hivi.

"Jina lako nani?" aliuliza, akaandika. "Na baba?"