Mama wa Mazoezi

Mama wa mazoezi ya viungo wa hospitali yetu husugua viganja mpaka vipate moto ndipo amguse mgonjwa. Baba yangu, fundi cherehani, alipopooza mkono wa kulia, nilikuwa nampeleka kwake kila Jumanne na ngumi yake isiyofunguka.

"Mzee wangu, usiulazimishe," alimwambia, vidole vyake viwili vikiwa chini kidogo ya kiwiko cha baba, upande wa nje. "Msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu. Huu wa ndani umeng'ang'ania. Tuubembeleze ulegee, mwenzake wa nje naye apate zamu ya kuvuta."

"Kumbe ni kama mke na mume!" baba alisema. Mama wa mazoezi alicheka, lakini vidole havikubanduka.

Wiki ya tisa, akiwa katikati ya kuulizia habari za wajukuu, alikatiza swali na kuuinamia mkono wa baba. "Umeamka huo," alinong'ona. Mimi sikuona kitu. Yeye aliusikia msuli ukivuta chini ya ngozi. Kisha kidole gumba cha baba kikajitenga na ngumi, polepole, kikitetemeka.

Mgonjwa aliyefuata akabisha hodi.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu," akajibu bila kugeuka. "Kuna mtu hapa anafungua mkono wake."