Bluzi ya Émérance, Baji ya Kahambu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa baji, dada yangu Émérance alikuwa anakata kipande kidogo cha sparadra, ile plasta ya kufungia vidonda, kama ukucha wa kidole gumba, anakibandika juu ya picha. Jina aliliacha wazi: KAHAMBU SYLVIE, INFIRMIÈRE, yaani muuguzi. Ni sura tu aliyoifunika. Jioni akirudi anaibandua ile sparadra pole pole, anapangusa gundi kwa pamba yenye alkoli, anatundika baji kwenye musumari juu ya kitanda chetu. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiiache mpaka kesho yake.

"Si kitu yangu," akaniambia. "Mwenyewe akirudi, nataka aikute iko muzima."

Tunakaa Munigi, mama na sisi wawili, pahali ambapo hata choo huchimbi bila nyundo, kwa sababu chini yote ni jiwe la volkano. Vumbi yetu ni nyeusi. Kwa hiyo bluzi yake nyeupe alikuwa anaikunja na kuitia ndani ya sasheti ya plastiki, anashuka nayo mpaka kituo cha afya cha Keshero, anaivaa akifika kwenye lango. Viatu pia alivichunga. Njiani alichagua mawe ya kukanyaga, moja baada ya lingine, kama mutu anayevuka mutoni. Mimi nilimufuata nyuma na thermos za uji, kwa sababu nilikuwa nauzia walinzi wa wagonjwa, wale ndugu wanaokaa na kuwatunza, pale pale kwenye kituo chake. Ndiyo maana mambo haya niliyaona. Hakuna mutu aliyenihadithia.

Mama alilima mashamba ya watu ili Émérance asome uuguzi, na mimi nikaacha shule mapema ili yeye amalize. Akamaliza, na alama nzuri. Kisha akaanza kuzunguka na diploma yake ndani ya bahasha. Kutoka Katindo mpaka Kibati. Kule Kibati nilimusindikiza. Mama mumoja mwenye miwani alisoma karatasi zote, akazirudisha.

"Karatasi ni nzuri, mutoto wangu. Eksperiansi ya kazi iko wapi?"

"Ndiyo nimemaliza sasa, mama."

"Basi urudi ukiwa nayo."

"Nitaitoa wapi?"

"Kwa kazi," akasema yule mama, na hakuwa anacheka.

Ilikuwa vile kila pahali. Wengine walimupatia maji ya kunywa, wengine hata kiti hawakumuonyesha, lakini neno lilikuwa lile moja. Émérance akaanza kukonda. Mama akaanza kuongea na Mungu kwa sauti ya kugombana.

Ndipo akafika kwa Papa Zéphirin, titulaire, yaani mukubwa wa kile kituo cha Keshero. Ni mutu wa tumbo kidogo na maneno ya taratibu, ukimusikiliza unafikiri unabarikiwa. Alimuambia, "Hapa nafasi hakuna. Lakini kuko nafasi moja, mwenyewe hayuko."

Mwenyewe alikuwa Kahambu Sylvie. Huyo alikuwa amepata kazi kwa shirika moja kule Butembo, mkataba wa miezi sita sita, na aliogopa mkataba ukiisha akute pahali pake pamekaliwa. Kwetu hiyo si ajabu. Mwalimu akienda, anaacha mutu kwa darasa. Karani akienda, anaacha shemeji yake kwa meza. Watu wanaita kulinda kiti. Unalinda kiti cha mutu, jina linabaki lake, na yeye anakutumia pesa kidogo ya sabuni.

"Na eksperiansi?" Émérance akauliza. "Mimi naitafuta hiyo zaidi ya kila kitu."

Papa Zéphirin akafungua mikono yake miwili juu ya meza. "Eksperiansi inaingia kwa mikono, mama. Mikono haina jina."

Neno lile alirudi nalo nyumbani kama mutu aliyebeba mayai. Alilirudia kwa mama mara nyingi. Kesho yake akapewa baji ya Kahambu, akaanza kazi.

Sentinelle wa lango, Papa Léopold, alielewa mambo yote siku ya kwanza. Kahambu ni mufupi na mweusi, ana mwanya kwa meno. Dada yangu ni murefu kama mwanzi. Kila asubuhi Léopold alisimama mbele ya lango kama askari wa mpaka.

"Leo anaingia nani? Wewe ao yule mwingine?"

"Sisi wote wawili, papa."

"Basi mupite mumoja mumoja, lango ni dogo."

Walicheka. Ulikuwa muchezo wao, na haukuwa mubaya.

Ndani, hakuna aliyemuita Émérance. Wagonjwa wanasoma baji, wanasema Munganga Sylvie. Mwanzo alichelewa kuitika. Unamuita, yeye anaendelea kufunga kidonda, mpaka umuguse bega. Baadaye akazoea. Hata nyumbani siku moja mama alimuita mara mbili akiwa anaosha sahani, hakusikia. Mimi nikasema "Sylvie" kwa mchezo, akageuka. Mama aliniangalia vibaya sana.

Kazi aliifanya. Sitasema aliwapita wengine, sijui mambo ya dawa. Ninachojua, walinzi wa wagonjwa walipokuwa wananunua uji waliuliza kama yupo, na wakisikia yupo, walikaa chini.

Kisha akaja Mama Nyiransabimana. Alifika juu ya moto, ile pikipiki ya kukodi, mvua inanyesha, mutoto amekwisha kusukuma. Mimi nilikuwa chini ya dirisha la materenite, kile chumba cha kuzalia, nimejificha mvua na thermos zangu. Nilisikia mama analia, halafu nikasikia mutoto anatoka na halii. Kimya kile kilikuwa kirefu. Nilisikia dada yangu anaongea na kale katoto kwa Kinyarwanda, anakapigapiga nyayo za miguu, anakaambia kaache ukaidi. Halafu kakalia.

Mama alipopata pumzi akauliza, "Munganga, jina yako ni nani?"

Kupitia dirisha nilimuona Émérance anainamisha kichwa, anaangalia kifua chake kwanza.

"Sylvie," akajibu.

"Basi na huyu ni Sylvie. Huyu atakuwa Sylvie juu yako."

Kwetu hilo ni zawadi kubwa. Mutu akikupa jina mutoto wake, amekuweka ndani ya nyumba yake. Jioni ile, tukiwa tunachagua maharagi, Émérance alimuambia mama kwamba kuna mutoto amepewa jina kwa ajili yake. Mama akafurahi. "Ameitwa Émérance?"

"Hapana. Sylvie."

Mama akaendelea kuchagua maharagi.

Zaidi ya miaka miwili ikapita vile. Halafu habari ikaingia kwenye kituo: kuna shirika linakuja kuchukua wauguzi wanne kwa mkataba wa kweli, na watatoka pale pale, kwa wale wanaojua mtaa. Shurti ilikuwa moja tu, miaka miwili ya eksperiansi. Émérance alirudi akiimba ile siku. Alikuwa anayo. Alikuwa ameipata kwa mikono, kama alivyoambiwa.

Juma lile lile Kahambu akarudi kutoka Butembo, shirika lake limefunga. Sitasema ni mutu mubaya. Alikuja mpaka kwetu Munigi, juu ya mawe, na kitenge kipya cha kumushukuru dada yangu.

"Ulinilindia kiti, ndugu yangu. Mungu akulipe."

Émérance akaleta baji. Kahambu akaigeuza, akaangalia sura yake, akashangaa. "Ni kama jana waliitengeneza."

"Na mimi sasa nitakaa wapi?" dada yangu akauliza.

Kahambu aliweka kitenge juu ya magoti ya mama. "Wewe bado kijana," akasema. Hakunywa chai.

Kesho yake Émérance akaenda kwa Papa Zéphirin kuomba barua ya kuonyesha kwamba alifanya kazi. Mulango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa namupimia mukubwa huyo kikombe cha uji.

"Nikuandikie nini?" akasema Papa Zéphirin. "Nikiandika ulifanya kazi hapa, watauliza, kwa jina gani? Ukisema ya Kahambu, umesema ulidanganya wagonjwa miaka miwili. Nani atachukua mutu wa vile? Hata diploma yako inaweza kupata shida."

"Papa, ni wewe ulinipatia baji."

"Nilikupatia. Nani aliivaa?"

Akapokea kikombe chake kutoka kwangu.

"Ulisema eksperiansi inaingia kwa mikono," dada yangu akasema.

"Ndiyo nilisema. Basi uwaonyeshe mikono." Akapuliza uji wake. "Sikiliza, mimi si adui yako. Siku ya wageni wa shirika ubaki nyumbani. Kisha urudi, nitakuweka kwa staji, kama mwanafunzi, chini ya Kahambu. Atakuonyesha kazi pole pole."

Akanirudishia kikombe, akaomba niongeze sukari.

Siku ya wageni Émérance hakubaki nyumbani. Aliamka mapema, akatia makaa ndani ya pasi, akanyoosha bluzi kuanzia kola. Halafu akakata sparadra mbili ndefu, kwa sababu jina lake haliingii kwa moja, akaandika kwa kalamu ya Biki: ÉMÉRANCE juu, NYIRAMAHIRWE chini. Akazibandika kifuani. Mama alimutengeneza kola, ingawa kola ilikuwa sawa.

Kwenye lango Léopold aliinama, akasoma. Siku hiyo hakuuliza anaingia nani. Akamufungulia mabawa yote mawili ya lango, kama gari linaingia.

Wageni walikuwa wamewekewa meza chini ya bâche, lile turubai, karibu na akina mama wa chanjo. Mukubwa wa wageni ni mama mumoja, Mama Daniella, mwenye sauti ya upole. Kahambu alikuwa amekwisha kupita mbele yao. Miaka yake ilihesabiwa yote, hata ile ambayo alikuwa Butembo. Sasa alisimama kwenye mulango wa farmasi, baji imeng'aa. Papa Zéphirin alipomuona dada yangu anavuta kiti, akakohoa.

"Huyu ni mustajiere," akasema. "Anaanza."

"Amekuja, acha tumusikilize," Mama Daniella akasema. Akasoma diploma, akakubali kwa kichwa. "Alama ni nzuri. Eksperiansi yako ni ya wapi?"

Émérance alikuwa na jibu. Njia nzima kutoka Munigi nilimusikia analisema chini chini. Akafungua kinywa.

"Ni ya hapa," akasema. "Mimi nilikuwa..."

"Munganga Sylvie!"

Alikuwa Mama Nyiransabimana, ametoka kwenye mustari wa chanjo, anavuta mutoto wake kwa mukono. Katoto kalikuwa kanatembea tayari, kana viatu vyekundu. "Unaniona, unanyamaza? Angalia mutoto wako, meno imejaa kinywa. Sylvie, sabahi Sylvie mukubwa."

Mama Daniella akaangalia sparadra. "Lakini hapa pameandikwa Émérance."

"Aa, mama, munanichezea. Huyu ndiye alitoa huyu mutoto mu tumbo yangu. Jina yake Sylvie, hapa wote wanajua."

Walinzi wa wagonjwa wakageuka. Kahambu akaangalia viatu vyake. Mama Daniella akaweka kalamu chini, na sauti yake ikapoteza upole kidogo.

"Hebu nieleze. Wewe ni Sylvie?"

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Niliona dada yangu anamuangalia Papa Zéphirin, na Papa Zéphirin hakumutisha, hakumufanyia alama yoyote. Alikuwa anangojea tu, kama mutu ambaye amekwisha kusema yale ya diploma.

"Hapana," Émérance akasema. "Mimi si Sylvie. Mama, ulichanganya. Sylvie ni yule anasimama kwa farmasi."

Mama Nyiransabimana akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Munganga, mimi ninakufahamu."

"Ulikuwa na uchungu, mama. Mutu wa uchungu haangalie sura."

Yule mama alibaki amesimama. Alimuangalia Kahambu, akamuangalia tena dada yangu, na nikaona ameanza kujihukumu mwenyewe, kwamba labda ni kweli, labda alikosea. Basi akamubeba mutoto, akaenda pole pole mpaka kwenye farmasi, akamunyooshea Kahambu. Kahambu angefanya nini? Akamupokea. Katoto kakageuza shingo, kakalia, kakanyoosha mikono upande wa meza.

"Kwa hiyo eksperiansi hauna," Mama Daniella akasema.

"Sina."

Akaandika neno fupi. Akamurudishia diploma, akamuambia asikate tamaa, vijana wanahitajika.

Émérance akasimama. Alibandua sparadra mbili, akazifinyanga kwa vidole mpaka zikawa kitu kidogo, akakitupa ndani ya ndoo ya pamba chafu. Akavua bluzi. Akaikunja juu ya mukono, lakini sasheti hakuitoa. Papa Zéphirin alimuambia kwa sauti ya baba, "Siku ya Lundi uje, tuanze staji." Dada yangu alipita mbele yake kama vile hakuna mutu.

Kwenye lango Léopold hakujua afanye nini na uso wake, akashika ule muchezo wa zamani.

"Leo anatoka nani?"

Dada yangu akasukuma lango kwa mukono.

"Fungua tu, papa."

Akafungua. Mutu mumoja nyuma yangu akaniita nimuongezee uji, nikamumiminia, nikamwaga nusu chini. Nilipogeuka, Émérance alikuwa amefika kwenye kona ya barabara ya juu. Bluzi ilining'inia mukononi, na pindo lake lilikuwa linagusa vumbi. Hakuchagua tena pa kukanyaga. Kwenye kile kituo hajarudi.